Bibi Farrand na Bustani Aliyoing'oa Mwenyewe

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumezoea kuisikia ikitajwa penye majengo na penye malezi ya watoto, na ni nadra kuisikia ikitajwa penye bustani. Hata hivyo, hakuna kitu kinachouthibitisha ukweli wake kwa haraka kama bustani. Ukuta ulioachwa huchukua miaka mingi kabla ya kuanguka. Bustani iliyoachwa misimu miwili ya mvua huwa kichaka, na ikiachwa mitatu hata njia yake haionekani.

Makala haya yanamhusu mwanamke aliyeijua kweli hiyo kwa mikono yake. Jina lake ni Beatrix Farrand, raia wa Marekani, mmoja wa wanawake wa mwanzo kabisa kuufanya usanifu wa mandhari kuwa kazi ya kumpatia mtu riziki na heshima. Msanifu wa mandhari si mpanda maua tu. Ni mtaalamu anayepanga ardhi kabla ya kupandwa: barabara ipite wapi, maji ya mvua yaelekezwe wapi, mti upi uachwe na upi uondolewe, ngazi iwe na vidato vingapi ili mzee aipande bila ya kuhema.

Bibi Farrand alizaliwa mwaka 1872 na kufariki mwaka 1959. Katika maisha yake alisanifu bustani zaidi ya 100, za watu binafsi, za vyuo vikuu na za umma. Lakini tendo lililotufanya tushike kalamu ni moja tu. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 83, aliamua bustani yake mwenyewe ing'olewe na nyumba yake ivunjwe. Hakuwa amerukwa na akili, wala hakuna aliyemshurutisha. Alifanya hivyo kisiwani, machoni pa majirani zake, baada ya kulifikiri jambo hilo kwa makini. Sababu zake zinatuhusu sisi tunaoishi visiwani, na zinawahusu zaidi wale waliokabidhiwa dhamana ya ardhi na mali ya umma.

KISIWA CHA MILIMA MITUPU

Kisiwa chenyewe huitwa Mount Desert, nacho kipo katika pwani ya jimbo la Maine, kaskazini-mashariki ya Marekani. Wenyeji wake wa asili ni watu wa Wabanaki, waliovua na kuwinda huko tangu kale. Mwaka 1604 baharia Mfaransa, Samuel de Champlain, alipita na chombo chake, akaviona vilele vya milima visivyokuwa na miti, akakiita kisiwa cha milima mitupu. Mlima mrefu kuliko yote kisiwani humo una mita 466, nao ndio mrefu kupita mingine yote iliyo karibu na bahari katika pwani ya mashariki ya nchi hiyo.

Katika karne ya 19 matajiri wa New York, Boston na Philadelphia walianza kukikimbilia kisiwa hicho wakati wa joto. Walijenga majumba makubwa ambayo wao wenyewe waliyaita vibanda. Wenyeji wakawa mafundi wao, wapishi wao, watunza bustani wao na wapiga makasia wao. Hivyo mji wa Bar Harbor ukawa na watu wa namna mbili: wale waliokuja na jua wakaondoka nalo, na wale waliobaki na theluji.

Miongoni mwa waliokuja na jua walikuwa Bwana Frederic Rhinelander Jones na mkewe, Bibi Mary Cadwalader Jones. Mwaka 1883 walijenga nyumba ufukweni mwa Bar Harbor, mahali panapoitwa Reef Point. Binti yao wa pekee, Beatrix, alikuwa na miaka 11. Kisiwa hicho kilimteka moyo tangu siku hizo, na ndicho alichokuja kufia.

NYUMBA YA BIBI, MAMA NA SHANGAZI

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Bibi Farrand mwenyewe alipenda kusema kwamba yeye ni tunda la vizazi vitano vya watu waliopenda bustani. Bibi yake mzaa baba alikuwa na bustani mjini Newport, yenye miti ya matunda iliyotambazwa ukutani. Mama yake alishughulika na bustani ya Reef Point, na mtoto akajifunza majina ya mimea kabla hajajua kwamba kujua majina ya mimea kunaweza kuwa kazi.

Upande wa baba alikuwa na shangazi aliyemzidi kwa miaka kumi tu. Shangazi huyo ndiye Edith Wharton, mwandishi mashuhuri ambaye mwaka 1921 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Pulitzer kwa riwaya. Naye hakuwa mgeni wa bustani. Mwaka 1904 alichapisha kitabu juu ya majumba na bustani za Italia. Na alipojenga nyumba yake katika jimbo la Massachusetts, alimwita binti wa kaka yake mwaka 1901 amchoree njia ya kuingilia na bustani ya mboga.

Lakini nyumba ya akina Jones haikuwa na utulivu. Baba na mama walitengana, na mwaka 1896 talaka ikatolewa. Katika tabaka lao, na katika zama zile, talaka ilikuwa doa lisilofutika upesi. Hapa ndipo ilipoonekana tabia ya shangazi. Hakumfuata kaka yake. Alisimama na wifi yake. Kwa miaka mingi Bibi Mary aliishughulikia kazi ya vitabu vya Edith mjini New York, akisimama badala yake mbele ya wachapishaji, wakati Edith alipokuwa akiishi Ufaransa. Udugu wa wifi na wifi, ambao mara nyingi husemwa vibaya, katika nyumba hii ulikuwa nguzo ya kushikilia dari.

Tunalitaja jambo hili si kwa kuchungulia mambo ya ndani ya watu, bali kwa sababu limeacha alama katika maisha ya binti. Alikua akiwaona wanawake wawili wa familia yake wakishika kazi ya akili na kuifanya kwa bidii. Alipotaka naye kushika kazi, hakuna aliyemcheka nyumbani. Ndugu wa mama yake, mwanasheria John Lambert Cadwalader, alikuwa miongoni mwa waliomtia moyo.

ELIMU BILA YA SHULE

Kutiwa moyo ni jambo moja, na kupata pa kusomea ni jambo jingine. Katika miaka ya mwanzo ya 1890 hapakuwa na chuo hata kimoja nchini Marekani kilichotoa mafunzo kamili ya usanifu wa mandhari, kwa mwanamke wala kwa mwanamume. Mafunzo ya namna hiyo yalianza katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1900. Aliyetaka kujua kabla ya hapo ilimbidi amtafute mjuzi na kukaa miguuni pake.

Mjuzi aliyempata alikuwa Profesa Charles Sprague Sargent, mkurugenzi wa Arnold Arboretum, bustani kubwa ya miti karibu na Boston. Profesa na mkewe walimpokea msichana huyo nyumbani kwao, naye akawa mwanafunzi wa bustani nzima. Alijifunza kuutambua mti kwa gome lake wakati wa baridi, usipokuwa na jani hata moja. Alijifunza kupima ardhi na kuweka vigingi. Somo kubwa alilopewa lilikuwa hili: mchoro ufuate ardhi, wala ardhi isipindwe ili ifuate mchoro. Somo hilo hakuliacha mpaka mwisho wa uhai wake.

Mwaka 1895 alizuru Ulaya pamoja na mama yake, akazitazama bustani za Italia, Ujerumani, Ufaransa na Uingereza, akiandika aliyoyaona. Aliporudi alitafuta walimu wa kumfundisha uchoraji wa ramani, kisha akafungua ofisi katika ghorofa ya juu ya nyumba ya mama yake mjini New York. Umri wake ulikuwa haujafika miaka 25.

Kazi zake za mwanzo zilikuwa za bustani za watu binafsi, na nyingi alizipata kwa kujuana. Hilo halikufichika, na si haki kulificha. Alikuwa mtoto wa watu wenye nafasi, na milango mingi ilifunguka kwa sababu hiyo. Lakini ipo milango iliyobaki imefungwa hata kwake, kwa kuwa viwanja na bustani kubwa za umma wakati ule hazikukabidhiwa wanawake. Naye hakukaa kulalamika mlangoni. Aliifanya kazi iliyokuwapo kwa ukamilifu hata jina lake likatangulia mbele yake.

Mwezi wa Januari 1899 wataalamu wa fani hiyo waliunda chama chao cha taifa. Waasisi walikuwa 11, na mwanamke alikuwa mmoja tu, naye ni yeye. Juu ya hayo, hakupenda kujiita msanifu. Alipendelea kuitwa mtengeneza bustani, jina la zamani na la unyenyekevu zaidi.

MWANAMKE WA VICHAKA

Mwaka 1912 Chuo Kikuu cha Princeton kilimkabidhi kazi ya kupanga mazingira yake, na kwa miaka ipatayo 30 alikuwa mshauri wake. Chuo Kikuu cha Yale nacho kilimwita baadaye. Namna alivyoifanya kazi hiyo inastahili kuzingatiwa na kila ofisa anayehusika na majengo ya umma.

Kwanza, alijiuliza: ni nani atakayeitazama bustani hii, na lini? Wanafunzi huondoka wakati wa joto. Basi akachagua mimea inayochanua mwanzoni mwa msimu wanafunzi wakiwa bado wapo, na mingine inayobadilika rangi au kuzaa vijitunda wanaporejea. Haikuwa na maana kwake kutumia fedha za chuo ili maua yachanue mbele ya madirisha matupu. Pili, penye nafasi finyu kati ya jengo na njia hakulazimisha vichaka vipana, bali aliitambaza mimea ukutani. Tatu, alianzisha vitalu ndani ya ardhi ya chuo, ili miche ikue humo kwa gharama ndogo na iwe imezoea udongo wa mahali pale kabla ya kuhamishwa.

Alikuwa akikagua mwenyewe, akitembea na mafundi, akisimamisha kazi mche ulipowekwa vibaya. Wanafunzi wa Princeton wakambatiza jina la mwanamke wa vichaka. Leo pana benchi la mawe chuoni hapo kwa ukumbusho wake. Na katika ofisi yake mwenyewe wasaidizi wake wakuu walikuwa wanawake, waliopata kwake nafasi ambayo wengine walisita kuwapa.

Mwaka 1913 Bibi Ellen Wilson, mke wa Rais Woodrow Wilson, alimwomba asanifu bustani ya upande wa mashariki wa Ikulu ya Marekani. Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, Beatrix aliolewa akiwa na umri wa miaka 41. Mumewe, Profesa Max Farrand, alikuwa mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Yale, na bingwa wa historia ya katiba ya nchi yake. Mwaka 1911 alikuwa amechapisha kumbukumbu za mkutano wa mwaka 1787 ulioitunga katiba hiyo. Hawakujaliwa watoto. Mwaka 1927 mume aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa Maktaba ya Huntington huko California, na mke akawa anavuka nchi nzima kwa garimoshi, kutoka bahari hadi bahari, ili asiache kazi zake za mashariki wala asimwache mumewe peke yake.

BUSTANI MOJA, HATIMA MBILI

Kazi yake inayosifiwa kuliko zote ipo katika mji mkuu, Washington, mahali panapoitwa Dumbarton Oaks. Mwanadiplomasia Robert Woods Bliss na mkewe Mildred walinunua nyumba hiyo mwaka 1920, na mwaka uliofuata wakamwita Bibi Farrand. Ardhi yake ina mteremko mkali. Badala ya kuusawazisha, aliufuata kwa matuta yanayoshuka ngazi kwa ngazi, kutoka bustani za mawe na kuta karibu na nyumba, hadi miti na kijito bondeni, mahali ambapo mgeni hawezi kutambua ni wapi bustani imeishia na msitu umeanzia. Bwana Bliss alipopelekwa kuwa balozi nchi za nje, mashauri yalifanywa kwa barua. Penye shaka, Bibi Farrand aliagiza mfano wa ukuta au lango ujengwe kwanza mahali pake kwa vipimo kamili, utazamwe, ndipo mawe yakatwe.

Mwaka 1940 wenye nyumba waliitoa mali hiyo kwa manufaa ya watu. Nyumba na bustani za juu walipewa Chuo Kikuu cha Harvard. Bonde, ekari 27, likakabidhiwa idara ya serikali ya hifadhi za taifa. Miaka minne baadaye, kati ya Agosti na Oktoba 1944, wajumbe wa Marekani, Uingereza, Urusi ya Kisovieti na China walikutana katika nyumba hiyo, wakaweka msingi wa Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo chombo ambacho nchi zetu zote leo ni wanachama wake kilitungiwa mawazo yake ya mwanzo penye bustani ya mwanamke huyu.

Bibi Farrand hakuridhika kwamba mali imekabidhiwa. Aliwaandikia warithi kitabu cha mwongozo, kilichokuja kuchapishwa mwaka 1980. Ndani yake alieleza kila sehemu ya bustani: imekusudiwa nini, imepandwa nini, ikatwe matawi vipi, na mti fulani ukifa uwekwe upi badala yake ili kusudio lisipotee. Alijua kwamba mmea hufa, na kwamba kinachopaswa kurithiwa ni nia.

Sasa natutazame yaliyofuata. Sehemu ya juu, iliyokuwa na watunzaji, fedha na mwongozo, imedumu kuwa moja ya bustani zinazosifiwa sana katika Marekani. Sehemu ya bonde ilipungukiwa na mikono. Maji ya mvua kutoka mjini yakachimba kingo za kijito, na mimea vamizi ikafunika miti. Mwaka 2010 wananchi waliunda jumuiya ya kuisaidia serikali kulifufua bonde hilo. Msanifu alikuwa mmoja, na zawadi ilitolewa mwaka mmoja. Kilichotofautiana ni matunzo.

BARABARA ZISIZO NA MAGARI

Turudi kisiwani. Hifadhi ya Taifa ya Acadia, iliyopo Mount Desert, ina asili ya pekee: ilitokana na ardhi ambayo raia waliitoa kwa serikali kipande kwa kipande. Serikali iliitambua kwa mara ya kwanza mwaka 1916, ikaipa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 1919, na jina la Acadia mwaka 1929. Tajiri John D. Rockefeller Mdogo, kati ya mwaka 1913 na 1940, alijenga huko barabara za changarawe za maili 45, yaani kilometa 72 hivi, kwa ajili ya magari ya farasi na watembea kwa miguu. Magari ya injini hayakuruhusiwa. Madaraja ya mawe 16 katika barabara hizo bado yanavukwa ndani ya hifadhi.

Kupasua mwamba wa mlima ni kuujeruhi, na jeraha hilo Bwana Rockefeller alimwomba Bibi Farrand aliponye. Alizikagua barabara hizo na kumwandikia maelezo: hapa ipandwe misonobari kuficha mwamba uliokatwa, pale miti ipunguzwe ili bahari ionekane, na daraja hili lisiachwe likang'aa peke yake kama jino jipya. Alisisitiza mimea ya kisiwa chenyewe. Kwa kazi hiyo hakudai malipo. Leo maelfu wapitao barabarani humo hudhani kwamba miti ile imejiotea, na hiyo ndiyo sifa kubwa ya fundi.

Hata hivyo, barabara nazo hazikukwepa sheria ya ufa na ukuta. Kufikia miaka ya 1980 mifereji ilikuwa imeziba na vichaka vimefunika mandhari aliyoyafungua. Ukarabati mkubwa ulihitajika kati ya mwaka 1992 na 1995, na wananchi wapenzi wa hifadhi wakachanga mfuko wa kudumu wa matengenezo ili hali hiyo isirudi.

MOTO NA KODI

Mwaka 1939 Bibi Farrand na mumewe waliifanya Reef Point kuwa taasisi. Nia yao ilikuwa kuwaachia watu wa kisiwa na wanafunzi wa nchi nzima mahali pa kujifunzia mimea inayostahimili baridi na upepo wa bahari. Alikusanya maktaba kubwa na mimea iliyokaushwa kwa ajili ya utafiti, na kuanzia mwaka 1946 akatoa majarida ya mafunzo. Alinunua hata michoro na karatasi za Gertrude Jekyll, mtengeneza bustani mashuhuri wa Uingereza aliyefariki mwaka 1932, asije mtu akazitupa.

Mwaka 1945 Profesa Max alifariki. Mwezi wa Oktoba 1947, baada ya ukame mrefu, moto ulizuka kisiwani. Uliunguza ekari zaidi ya 17,000, zaidi ya 10,000 kati ya hizo zikiwa ndani ya hifadhi. Majumba 67 ya matajiri yaliteketea pamoja na hoteli tano, na nyumba zipatazo 170 za wenyeji. Reef Point ilinusurika, lakini kisiwa hakikuwa kile tena. Matajiri wengi hawakujenga upya. Mji ulipoteza makazi ya watu wake na sehemu kubwa ya mapato yake ya kodi kwa pamoja.

Bibi Farrand aliuomba mji uisamehe taasisi yake kodi. Mji ulikataa. Ni rahisi kuwalaumu wakuu wa mji huo, nasi hatutaki kuwahukumu kwa haraka. Walikuwa na raia waliokuwa hawana paa, na shamba la maua la mwanamke tajiri halikuonekana kuwa dharura. Kila upande ulikuwa na hoja. Lakini wakati huohuo wale waliokuwa wakiitunza bustani hiyo pamoja naye walikuwa wanakaribia umri wa kustaafu, na yeye mwenyewe alikuwa amepita miaka 80. Akatazama mbele, akaona ufa usiokuwa na wa kuuziba.

Hapo angeweza kufanya wanavyofanya wengi: kufa na kuacha jina lake langoni, bustani ikageuka kichaka nyuma ya jina hilo. Hakutaka. Mwaka 1955 aliamua kuivunja taasisi. Vitabu, mimea iliyokaushwa na karatasi za Jekyll vilikwenda Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, ambako watafiti huvisoma hadi leo. Nyumba ikabomolewa. Mimea ikabaki.

Mti hauendi ila kwa nyenzo, na nyenzo ilipatikana kwa jirani. Bwana Charles Savage, mwenye hoteli katika kijiji cha upande wa pili wa kisiwa, hakuwa msanifu kwa elimu, lakini alijua thamani ya kile kilichokuwa kinauzwa. Alimwendea Rockefeller, akapata fedha, na mimea ya Reef Point ikang'olewa na mizizi yake, ikapakiwa, ikavushwa kisiwa. Humo zilizaliwa bustani mbili zilizo wazi kwa umma, Asticou na Thuya. Mgeni anayeingia Asticou wakati azalea zimechanua huyaona maua ya Bibi Farrand, ingawa Reef Point yenyewe haipo.

Naye Bibi mwenyewe alihamia katika shamba la familia ya Garland, ambao mume alikuwa msimamizi wa mali yake na mke mkuu wa bustani yake. Akajenga upande mdogo wa kuishi, akitumia milango na madirisha yaliyookolewa katika nyumba ya zamani, akapanda bustani ndogo ya mwisho nje ya chumba chake. Hakuwa na mtoto wa kumzika. Waliomzunguka walikuwa wale aliofanya nao kazi. Akafariki huko mwezi wa Februari 1959, akiwa na miaka 86. Mwaka 2003 wapenzi wa kazi yake waliunda jumuiya, na mwaka 2004 wakalinunua shamba hilo ili lihifadhiwe.

YATUPASAYO

Ndugu msomaji, katika habari hii yapo mambo ambayo hayafai kuachwa yapite.

La kwanza linawaelekea watumishi wa serikali. Siku ya kuzindua bustani, au jengo, au barabara, hotuba huwa nyingi na utepe hukatwa. Siku hiyohiyo inafaa liulizwe swali ambalo Bibi Farrand hakuacha kuliuliza: ni nani atakayefagia hapa baada ya miaka kumi, na mshahara wake umeandikwa katika fungu lipi? Mradi usiokuwa na jibu la swali hilo ni deni lililopakwa rangi. Na kila mradi uwe na mwongozo wake, kama ule wa Dumbarton Oaks, ili ofisa anayekuja asibahatishe nia ya ofisa aliyeondoka.

La pili ni juu ya msamaha wa kodi na misaada mingineyo inayoombwa na watu wanaotaka kuuachia umma mali zao. Ombi la namna hiyo lisitupwe kwa sababu tu mwombaji ni tajiri, wala lisikubaliwe kwa sababu hiyo. Lipimwe kwa kile ambacho watu watakosa likikataliwa. Mji wa Bar Harbor ulikusanya kodi yake, na maktaba ya mimea ya kisiwa hicho leo ipo upande wa pili wa bara.

La tatu ni letu sisi wananchi. Kisiwa kina mipaka. Kila ekari inayoharibika haina ya kuifidia. Hifadhi ya Acadia haikuanzwa na serikali, ilianzwa na watu waliotoa ardhi yao. Na mimea ya Reef Point haikuokolewa na wizara, iliokolewa na mwenye hoteli aliyekwenda kubisha mlango wa jirani. Serikali ina wajibu wake, nasi tuna wetu.

Na liko la mwisho, la wazazi. Binti wa nyumba iliyovunjika, katika zama zisizokuwa na shule ya kumpokea, aliifikia kazi hiyo kwa kuwa mama hakumzuia, shangazi hakumcheka, na mwalimu mmoja alimfungulia mlango. Katika visiwa vyetu wapo wasichana wanaoujua mti kwa gome lake. Tuwaulize wanataka kuwa nani, kisha tuwape kigingi na kamba ya kupimia.